Kadi ya dansi ya Scotland ya mwaka 1978 kwenye sanduku la marehemu baba, naombeni msaada kuielewa

BintiRungwe

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa hapa Mbeya ila kwetu ni Tukuyu. Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa nane na wiki iliyopita ndo tumefungua lile sanduku lake la bati ambalo tukiwa wadogo hakuna aliyethubutu kuligusa. Tulikuwa tunatafuta hati ya shamba, hati tumeipata na vyeti vyake tumevipata, ila chini kabisa, vimefungwa kwenye gazeti lililoiva rangi ya chai, kulikuwa na vitu vitatu ambavyo nyumba nzima hakuna anayevielewa.

Cha kwanza ni kadi ndogo imekunjwa katikati, ina uzi wa bluu na kwenye uzi kimening'inia kipenseli chembamba kama njiti ya kiberiti. Nje kuna ua lenye miba kama mbaruti na tarehe, Ijumaa 3 Machi 1978. Ndani kuna orodha ya majina kama Petronella, Hamilton House, The Duke of Perth, na mbele ya kila jina kumeandikwa 8x32 R, au 8x32 J, au 8x32 S. Kaka yangu mkubwa alisema hizo ni dozi za dawa za ng'ombe maana baba alikuwa bwana mifugo, tukamwamini kama siku mbili hivi. Pembeni kuna mistari na kwenye mistari kuna majina ya wanawake kwa penseli, mwandiko wa baba kabisa, ule wa kulalia kushoto. Jina moja limerudiwa mara tatu. Mama aliliona akanyamaza, baadaye tukiwa jikoni akaniuliza huyu ni nani, sikuwa na jibu. Na kuna ngoma moja baba ameizungushia duara mara mbili mpaka karatasi imeingia ndani, The Reel of the 51st Division.

Cha pili ni viatu, vyeusi, ngozi laini unaweza kuvikunja ukavitia mfukoni, havina kisigino, kamba inapita kwenye vitanzi inakuja kuzunguka kifundo cha mguu. Mdogo wangu alisema ni vya kike lakini namba ni ya baba. Soli imelika mbele tu, chini ya vidole, nyuma kama havijavaliwa.

Cha tatu ni karatasi ina miraba na viduara na mishale, kachora yeye mwenyewe kwa rula.

Tunachojua ni kwamba 1976 alipelekwa Edinburgh kusoma mambo ya mifugo ya nchi za joto akarudi 1978, miezi michache kabla ya vita ya Kagera. Cha Scotland alichokuwa anasimulia ni baridi tu. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, kwenye harusi alikaa meza ya wazee mpaka keki inakatwa anaaga anaondoka, sijawahi kumuona kwenye kwaito wala kwenye lolote lile. Mwezi wa nane tunakutana wote kwa ibada ya kumbukumbu na nimepewa kazi ya kuandika kurasa chache za maisha yake. Kuna mtu anazijua klabu za dansi za huko Scotland? Zilianzaje, na mtu wa Tukuyu aliingiaje humo?

kipara_wa_Soweto

Pole sana dada kwa msiba. Mimi sijui lolote ila naweka kambi hapa, hii habari ya viatu imenigusa.

NesiMstaafu

Dada BintiRungwe pole, na hongera kwa kuvitunza hivyo vitu, wengi wangechoma pamoja na magazeti. Mimi niko Iringa sa hivi ila nilifanya kazi ya unesi Scotland miaka 11, mji mdogo upande wa mashariki, na hiyo kadi uliyoielezea ninazo kama ishirini kwenye droo. Hiyo ni programu ya usiku wa dansi ya mwaka ya klabu ya Scottish country dancing. R ni reel, J ni jig, S ni strathspey. 8x32 maana yake muziki una bar 32, yaani vipande vidogo vya mapigo, na unarudiwa mara 8. Reel na jig zinakwenda mbio, dakika nne na ushee imeisha unahema, strathspey ni ya polepole, inachukua karibu mara mbili ya muda huo na ndo ngumu kuliko zote maana hakuna mbio za kufichia makosa, mguu unatelezeshwa kama unafuta vumbi sakafuni.

Kabla sijaenda mbali mwambie mama atulie. Kwenye hizi klabu huendi na mpenzi wako ukacheza naye usiku kucha, hiyo inaonekana ni kukosa adabu. Kila ngoma unatafuta mwenzako mpya, mzee anamfuata binti wa chuo, mke wa mchungaji anamfuata fundi bomba, ndo maana kadi ina mistari, unaandika mtu uliyeahidiana naye ili usije ukamwacha amesimama. Anayerudiwa mara tatu kwa mtu ambaye bado anajifunza mara nyingi ni mwalimu wa klabu, kwasababu kwenye zile ngoma ngumu mwalimu ndo anamchukua mgeni amvushe. Mimi pia kadi yangu ya kwanza ina jina moja mara nne na ni mama wa miaka 70 alikuwa na sukari.

Sasa historia. Ngoma zenyewe ni za karne ya 18, zilichezwa kwenye kumbi za wakubwa na kwenye maghala ya wakulima vilevile. Wengi huchanganya na zile za mtu mmoja kuruka juu ya panga, hizo ni Highland, ni za mashindano na mara nyingi zinakwenda na zile filimbi za mfuko. Hizi za baba yako ni za watu wengi pamoja, na muziki wake ni kodiani na fidla na piano. Ilipofika baada ya Vita ya Kwanza vijana walikuwa wamehamia kwenye dansi mpya zilizotoka Marekani na hizi za zamani zikabaki vichwani mwa wazee, na hata hao wazee kila kijiji kilikuwa na namna yake. Ndo wakatokea akina mama wawili, Ysobel Stewart aliyekuwa kwenye mambo ya Girl Guides, na Jean Milligan aliyekuwa anafundisha mazoezi ya viungo chuo cha ualimu Jordanhill pale Glasgow. Tarehe 26 Novemba 1923 wakaitisha mkutano Glasgow chama cha hizi ngoma kikazaliwa, mwaka uliofuata wakatoa kitabu cha kwanza kina ngoma 12, ya kwanza kabisa ni hiyo Petronella iliyoko kwenye kadi ya baba. Kuanzia 1927 wakawa na kozi ya kiangazi mji wa St Andrews, na 1951 mfalme akawapa ruhusa ya kutumia neno Royal kwenye jina lao. Milligan alifariki 1978, mwaka huohuo wa kadi yako.

Ila hiyo ni historia ya makao makuu. Historia ya klabu ndogo ni kitu kingine na hiyo ndo utaipenda. Klabu yetu ilipokaribia kutimiza miaka 50 niliombwa kusaidia kunakili daftari za mihtasari kwasababu eti mwandiko wangu unasomeka. Nilikaa nazo miezi ya baridi, saa tisa na nusu alasiri nje kumeshakuwa giza, na nakwambia sikuwahi kusoma kitu kitamu vile. Hakuna habari kubwa hata moja. Hita ya ukumbi imekufa, nani atamwona mchungaji. Mpiga piano anaomba aongezewe nauli. Wanaume ni wachache, akina mama watatu wakubali kucheza upande wa wanaume, na wameandikwa ni akina nani na wamecheza upande huo miaka mingapi. Chai mwezi huu zamu ya nani. Kilichowaanzisha ni akina mama wa kijijini waliokuwa na umoja wao, Scotland nzima walikuwa na hizo jumuiya za wanawake wa vijijini tangu 1917, wakamwomba mwalimu wa shule ya msingi awafundishe ngoma tatu kwa ajili ya sherehe, sherehe ikapita wao wakaendelea kuja kila Jumanne. Wanaume waliporudi kutoka vitani wakaingia nao. Basi, ndo klabu imezaliwa, hakuna jiwe la msingi wala nini.

Na baba yako aliingiaje? Kwa mlango. Sijui niseme vipi vingine. Klabu zinafunguliwa mwezi wa tisa zinafungwa mwezi wa tatu au wa nne, yaani msimu wote wa baridi, na mgeni anayeishi chumba cha kupanga peke yake akipita nje ya ukumbi wa kanisa akaona taa na kusikia kodiani atasimama. Mimi nilisimama. Ilikuwa mvua ile nyembamba, nimetoka zamu, nikachungulia, mzee mmoja akaja akanishika mkono, hakuniuliza jina wala nchi, akanipanga kwenye mstari na raba zangu za hospitali. Mnapanga mistari miwili mnatazamana, jozi nne, mnainama kusalimiana, muziki unaanza. Jozi ya juu inacheza mara mbili, halafu inashuka chini kabisa, wa pili anakuwa wa kwanza, hivohivo mpaka wote wanne wamepata zamu ya kuwa juu. Hakuna anayebaki chini. Wiki ya tatu nilikuwa najua majina ya watu arobaini na kabla ya hapo kwa miezi mitano nilikuwa namjua mama mwenye nyumba tu.

Viatu vimelika mbele kwasababu kisigino hakigusi chini, unacheza kwa vidole. Kuna hatua moja unaisikia kichwani milele, ruka, piga, funga, piga. Soli ikiwa imelika kiasi hicho baba hakwenda mara moja wala mbili, huyo alikuwa mwanachama.

mzee_wa_chai

Kamweneee. Nimesoma yote na miwani imepata ukungu. Mimi ni wa Mufindi, nina miaka 79, mjukuu ndo ananiandikia hapa nikisema.

Hiyo ngoma naijua kwa macho. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi jikoni kwenye klabu ya wazungu wa mashamba ya chai, hiyo ni kabla ya uhuru na miaka michache baada ya uhuru. Miongoni mwao walikuwepo Waskochi, na walikuwa na siku zao mbili kwa mwaka, tarehe 30 Novemba siku ya Mtakatifu Andrea na tarehe 25 Januari siku ya mshairi wao Burns. Siku hizo tulikuwa tunamwaga unga mweupe sakafuni, ule wa kupaka watoto, ili viatu viteleze vizuri, halafu meza zote zinasukumwa ukutani. Muziki wa sahani za santuri, kodiani tupu. Wanapanga mistari miwili kama huyo mama nesi alivyosema, mwanaume huku mwanamke kule, wanapeana mikono ya kulia wanazunguka kama gurudumu la baiskeli, wanaachana, wanapita nyuma ya mstari wanaibukia kwingine. Nje ukungu wa Mufindi huoni hatua kumi, ndani watu wana majasho.

Sisi wa jikoni hatukuruhusiwa kusimama mlangoni. Niliwahi kusimama na trei, nikaitwa pembeni nikaambiwa maneno ambayo sitayaandikisha kwa mjukuu. Tukawa tunachungulia dirisha la stoo. Na nikwambie mwanangu, tulikuwa tunazijua zile ngoma. Usiku tukishaosha vyombo tulikuwa tunazipanga wenyewe kule nyuma, vijana wanane, bila muziki, mmoja anapiga sufuria. Kwahiyo nikisikia kijana wa Tukuyu 1978 aliandikwa kwenye kadi na watu wakamshika mkono ukumbini kwao, mimi nafurahi kwa namna ambayo nyie vijana hamwezi kuielewa sana. Andika hiyo. Na ile klabu yetu ya kule mashambani ikija kuandikwa historia yake, sufuria nayo iandikwe.

Mwakyembe_hapana

Shikamoo mzee wa Mufindi. Nina swali na naomba lisichukuliwe vibaya. Tunaandika dansi ya Scotland hapa kwa undani hivi, na ling'oma yetu kule Kyela nani ameiandikia daftari? Wale wenzetu wana mihtasari ya nani alileta chai, sisi hata mwaka kikundi kilipoanza hatuna.

Mnyasa_Liuli

Swali lako zuri mkuu na ndo lililonitoa mafichoni. Mimi nimekulia kwenye mganda, kule ziwani upande wa Nyasa, baba yangu alikuwa kapteni. Na nimesoma maelezo ya mama nesi nikawa najiuliza kama anaongelea kwetu.

Mganda kwa wasioujua: wanaume wanapanga mistari, nguo nyeupe zimepigwa pasi mpaka zinakata, soksi ndefu, viatu vinang'aa, filimbi ya kiongozi ikilia mstari mzima unageuka kama mtu mmoja. Ngoma kubwa inapigwa na vibuyu vinapulizwa kama tarumbeta, pembeni vimetobolewa tundu limezibwa na utando wa buibui, ndo ule mtetemo unaousikia. Kikundi kinaitwa boma. Boma lina kingi, lina kapteni, lina katibu, lina mtunza hela. Boma la kijiji kimoja linaalika la kijiji kingine, wanachinja, mnacheza kwa kushindana siku mbili. Akina mama wana kioda yao, na wao wana vyeo vyao.

Asili yake ni askari. Beni ilianza pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaigiza bendi za kijeshi, halafu Vita ya Kwanza ikaisambaza maana askari na wapagazi walitembea nchi nzima, waliporudi makwao paredi ikageuka ngoma, kwetu ziwani ikawa mganda, upande wa Malawi wanaita malipenga. Na hii mtaipenda: Mombasa enzi hizo kulikuwa na makundi ya beni yanashindana, moja linaitwa Kingi jingine linaitwa Skochi. Skochi ni haohao Waskochi. Kwahiyo watu wetu walikuwa wanawatazama hawa jamaa muda mrefu sana kabla ya baba wa dada yetu kupanda ndege.

Na kwenu Rungwe ndo kabisa. Misheni ya Livingstonia ya Waskochi ilianza 1875 ziwani upande wa Malawi, mji wa Blantyre umepewa jina la kijiji alikozaliwa David Livingstone, milima unayoiona ukiwa Matema ndo hiyo Livingstone. Wamoraviani Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita ya Kwanza, waliokuja kushika misheni za Rungwe ni hao Waskochi wa Livingstonia, mpaka wenyewe waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Huenda baadhi ya wazee wa kanisa wa babu yako walibatizwa na watu hao.

Ila nilitaka kusema kuhusu hiyo iliyozungushiwa duara, maana niliwahi kuisoma. Hiyo Reel of the 51st Division nayo ni ngoma ya askari. Ile divisheni ya 51 ya Waskochi ilizingirwa na Wajerumani pwani ya Ufaransa, St Valéry-en-Caux, wakasalimu amri Juni 1940, maelfu wakawa mateka. Maofisa wakapelekwa kambi ya Laufen kule Bavaria, na humo ndani ya kambi, njaa na baridi, wakaanza kucheza ngoma za kwao wanaume kwa wanaume, na luteni mmoja Jimmy Atkinson akatunga mpya. Katikati ya hiyo ngoma wachezaji wanashikana mikono wanatengeneza mstari wa mshazari, kisha mshazari wa pili, ukiangalia kutoka juu ni msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera yao. Inasimuliwa kwamba maelezo ya ngoma yalipotumwa nyumbani kwa barua, Wajerumani waliishikilia wakidhani ni maandishi ya siri. Ukiangalia karatasi ya miraba na mishale ya baba yako utawaelewa.

Mkuu Mwakyembe_hapana, umeniwasha. Baba yangu yupo hai, nakwenda Desemba na daftari.

NesiMstaafu

Mnyasa umesema vizuri sana, na mzee wetu wa Mufindi shikamoo mara mbili.

Dada, mambo mawili ya kufanya haraka. Piga picha ya kadi pande zote mbili kwa mwanga wa jua sio flashi, itume kwa barua pepe makao makuu ya chama Edinburgh, wana hifadhi ya nyaraka za zamani, kwa tarehe na ukumbi wanaweza kukuelekeza ni klabu ipi. Kama klabu bado ipo mwombe katibu aangalie daftari la ada la msimu wa 1977, jina la baba litakuwemo, na wazee waliocheza naye wengine wapo, hao watu wanacheza mpaka miaka 85. Ya pili, ile karatasi ya mchoro usiitoe kwenye gazeti kuiweka kwenye nailoni, itaota ukungu na mvua zenu za Tukuyu. Bahasha ya kaki inatosha.

BintiRungwe

Ndaga fijo wote. Nimechelewa kujibu kwasababu kuna kitu kimetokea na ilibidi nikae kwanza.

Mnyasa aliposema mstari wa mshazari nilitoka nje nikampigia kaka. Nikamuuliza, unakumbuka mchezo wa baba? Akanyamaza halafu akasema, kona kwa kona.

Tulikuwa watoto sita. Mvua za Tukuyu mnazijua, mwezi wa nne hutoki ndani wiki nzima, na jioni baba alikuwa anasogeza makochi, anakunja mkeka, anatupanga watatu huku watatu kule tunatazamana. Tulikuwa tunauita mchezo wa baba, hatukujua kama una jina. Anahesabu yeye kwa mdomo na kupiga meza kwa kidole. Wa kwanza wawili wanarukaruka palepale wanatazamana, halafu wanazunguka nyuma ya wenzao, wanarudi katikati. Halafu kona! Wanne wanashikana mikono kutoka kona ya kabati mpaka kona ya mlango, wawili wamesimama wanangoja, tunayumba huku na huku. Halafu kona nyingine, kutoka dirishani mpaka kwenye redio. Halafu wote sita tunashikana duara, tunakimbia kushoto tunarudi kulia, na hapo ndo mama alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni kwamba tutavunja vikombe. Na alikuwa anatukataza kukanyaga kisigino! Visigino juu, visigino juu, sisi tukajua ni kwa ajili ya kelele.

Nimeitoa ile karatasi nikaiweka mezani na kaka akaja kutoka Uyole usiku huohuo. Miraba mitatu, viduara vitatu. Sio jozi nne kama mlivyosema, ni tatu. Alituchorea sisi, miraba ni wavulana, viduara ni wasichana, na kwenye kiduara kidogo cha mwisho kuna herufi ya kwanza ya jina langu imefutwafutwa na raba, nilikuwa sijaiona.

Mama nimemsomea jibu la nesi kuhusu mwalimu wa klabu. Ameomba kadi, ameikalia nayo dirishani, baadaye akasema basi huyo mama alifundisha vizuri.

Tumebaki watano, mmoja alitangulia 2009. Mwezi wa nane mwanangu wa kwanza atasimama nafasi yake, na mzee wa Mufindi kama afya inaruhusu tungeomba tukutumie nauli. Swali kwa NesiMstaafu maana mimi na kaka tumebishana mpaka saa sita usiku: wale wa kwanza wakishasalimiana kwa kuruka, wanazunguka nyuma wanatokea chini ya wa pili au chini ya wa tatu? Kaka anasema wa pili.

NesiMstaafu

Chini ya wa tatu. Halafu mnashikana mkono mnapanda katikati, kila mmoja anatazama kona yake ya kwanza. Mwambie kaka akianza kushuka aanze mapema, nyie wa nyumba zenye makochi mnachelewa hapo.

mzee_wa_chai

Nauli ninayo. Sufuria nije nayo?

BintiRungwe

Njoo nayo mzee wetu.